Feni ya Rejeta Haiwaki Kwenye Gari la Kujiundia: Kupima na Kubadilisha Swichi Yake, Hatua kwa Hatua

Swali ni lilelile kila mara. Feni ya rejeta haiwaki, mwenye gari amenunua swichi mpya ya joto, ile inayoiwasha feni maji yakipata moto, na kuifunga, lakini gari likikaa kwenye foleni bado linachemsha. Wapo waliofika swichi ya tatu. Ukifuatilia vizuri, mara nyingi unakuta swichi ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), au relei (swichi ya umeme inayoamrishwa na umeme mdogo), au kuna hewa iliyonaswa kwenye rejeta, au swichi ina digrii zisizopatana na thamostati ya injini ile, yaani vali inayofunguka maji yakipata moto.

Gari la kujiundia, lile linalokuja kama seti ya vipande na kuunganishwa na mwenyewe, lina ugumu wake. Injini imetoka gari moja, rejeta gari jingine, feni imenunuliwa peke yake, na nyaya zimepita pale aliyeliunda alipoona panafaa. Hakuna kitabu cha kiwandani kinachokuambia waya wa kijani unakwenda wapi. Kwa hiyo hapa tunapima kwanza. Kubadilisha swichi kuko mbele, na huenda usifike huko.

## Unachohitaji

- Multimita inayopima volti na omu.
- Kipande cha waya chenye fyuzi katikati, fyuzi ya ampea sawa na ile ya feni. Huu ndio waya wa daraja, kifaa muhimu kuliko vyote hapa.
- Balbu ya gari ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili, kwa ajili ya kupima swichi ikiwa na mzigo.
- Kipimajoto kinachofika angalau digrii 110 za Selsiasi, na sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni.
- Spana ya swichi. Swichi nyingi zenye thredi ya M22 (kipenyo cha milimita 22) hutaka spana ya milimita 29 au 30, lakini pima yako.
- Spana ya pili, au koleo kubwa, ya kushikilia shina la rejeta, yaani sehemu yenye thredi inapofungwa swichi.
- Beseni safi, faneli, na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) ya aina ileile iliyomo ndani.
- Brashi ya waya, msasa laini, glovu na miwani ya kukinga macho.

Swichi mpya na wosha yake haviko kwenye orodha kwa makusudi. Usivinunue mpaka Hatua ya 5 ikuambie ununue.

## Kabla ya kugusa chochote

Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, hasa ikiwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mikono, nyaya na mikono ya shati visikaribie panga zake.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yako chini ya presha, na presha hiyo ndiyo inayoyazuia yasichemke hata yakipita digrii 100. Ukiiachia ghafla, yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuunguzwa.

Kulanti yenye ethilini glaikoli ni sumu na ina utamu unaovutia wanyama na watoto. Usiiache wazi kwenye beseni, na usiimwage mtaroni.

## Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la feni

Jiulize gari linachemsha lini.

Likichemsha likiwa limesimama au likitambaa, kisha joto likashuka ukishika mwendo, feni ndiyo mshukiwa. Gari likikimbia, upepo wa njiani hufanya kazi ya feni. Likisimama, upepo huo haupo.

Likichemsha ukiwa kwenye kasi, acha feni kabisa. Angalia kiwango cha maji, thamostati, pampu, rejeta iliyoziba, au njia ya hewa mbele ya rejeta. Kwenye magari haya pua mara nyingi ni nyembamba, na hewa inayoingia hupita pembeni mwa rejeta badala ya kupita katikati yake kwa sababu hakuna kitu kilichoziba pembeni. Swichi haitatibu hilo.

Halafu washa injini na uguse mpira wa juu na wa chini wa rejeta inavyopata moto. Geji ikisema injini ni ya moto huku rejeta yote ikiwa baridi, maji ya moto hayajafika kwenye rejeta. Swichi iliyofungwa kwenye rejeta haijui lolote kuhusu joto la injini; inajua joto la maji yanayoigusa tu. Thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa, au hewa iliyonaswa, itakufanya uilaumu swichi isiyo na hatia.

Umefaulu ikiwa: rejeta ni ya moto, geji inapanda gari likiwa limesimama, na feni imenyamaza.

## Hatua ya 2: Tambua swichi ni ipi, na inaendesha nini

Kwenye injini na rejeta kunaweza kuwa na vitu vitatu vinavyofanana: sensa ya geji ya dashibodi, sensa ya kompyuta ya injini, na swichi ya feni. Watu hung'oa kisichohusika.

Multimita inavitofautisha kwa haraka. Chomoa plagi, kisha pima omu injini ikiwa baridi. Swichi ya feni haitaonyesha muunganiko wowote, kana kwamba waya umekatika. Sensa itaonyesha namba fulani ya omu, kwa kawaida mamia au maelfu, na namba hiyo hushuka injini inavyopata moto. Swichi haina namba za katikati: imeunga au imekata.

Hesabu nyaya. Swichi yenye nyaya mbili hupokea umeme kwa mmoja na kuutoa kwa mwingine. Yenye nyaya tatu kwa kawaida ni ya feni ya kasi mbili. Yenye waya mmoja hukamilisha njia ya umeme kupitia chuma cha mwili wake, na hii ndiyo inayosumbua sana magari ya kujiundia. Rejeta ikiwa na matenki ya plastiki, au ikiwa imekaa juu ya raba, swichi ya waya mmoja haina ethi na haitafanya kazi hata siku moja. Suluhisho ni kuweka ya nyaya mbili.

Sasa fuata waya kwa macho na vidole. Unatafuta jibu moja: je, umeme wote wa feni unapita ndani ya swichi, au swichi inaamrisha relei tu? Nyaya nene zinazotoka kwenye swichi kwenda kwenye feni ni dalili ya mpango wa kwanza. Nyaya nyembamba zinazokwenda kwenye kisanduku kidogo chenye miguu minne au mitano ni dalili ya relei.

Ukikuta feni inatawaliwa na kompyuta ya injini, hakuna swichi ya kubadilisha. Kompyuta inasoma sensa yake na kuamrisha relei. Kagua sensa, relei na mpangilio wa kompyuta.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuchora kwenye karatasi njia ya umeme kutoka betri, kwenda fyuzi, kwenda feni, na kurudi betri. Chora kweli. Mchoro huo utakuwa kitabu cha gari lako.

## Hatua ya 3: Jaribio la daraja

Hatua hii inachukua dakika chache na inaokoa fedha kuliko zote. Unaiondoa swichi kwenye hesabu na kuuliza kama vilivyobaki vinafanya kazi.

1. Chomoa plagi ya swichi.
2. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Kwenye magari mengi relei ya feni hupata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu.
3. Kwa swichi ya nyaya mbili, unganisha matundu mawili ya plagi kwa waya wako wa daraja wenye fyuzi.
4. Kwa swichi ya waya mmoja inayokamilisha ethi, unganisha waya huo na hasi ya betri yenyewe. Usiguse fremu kwa sasa. Kama ethi ya fremu ni mbovu, jibu litakudanganya.

Tahadhari kwenye waya mmoja: pima volti zake kwanza, ufunguo ukiwa umewashwa. Ukikuta volti 12, si lazima iwe shoti, kwa sababu umeme unaweza kuwa umefika hapo kupitia relei au mota ya feni. Ndiyo maana daraja lina fyuzi. Fyuzi ikikatika papo hapo, waya huo unatoka betri moja kwa moja na mchoro wako una kosa. Rudi Hatua ya 2.

Matokeo ni mawili tu. Feni ikiwaka kwa nguvu, basi fyuzi, relei, nyaya, ethi na mota ni vizima, isipokuwa ethi ya swichi ya waya mmoja, ambayo daraja limeiruka. Ruka hadi Hatua ya 5. Isipowaka, swichi mpya haitasaidia kitu. Nenda Hatua ya 4.

Feni inayozunguka kwa uvivu ihesabu kuwa haijawaka.

## Hatua ya 4: Daraja limefungwa, feni bado imenyamaza

Anza na fyuzi. Usiitazame tu, ipime pande zote mbili ufunguo ukiwa umewashwa. Upande mmoja ukiwa na volti 12 na mwingine hauna, imekatika. Kabla ya kuweka nyingine jiulize ilikatika kwa nini. Feni ya wati 120 hula takriban ampea 10 ikizunguka, na huvuta zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo inapoanza. Fyuzi iliyokadiriwa bila nafasi hiyo itakatika tena na tena. Kuweka fyuzi kubwa kuliko waya unavyoweza kubeba ni kutafuta moto, hivyo waya mwembamba ubadilishwe kwanza.

Kisha lishe feni moja kwa moja. Chomoa plagi ya feni na uipe chanya na hasi kutoka kwenye betri, kupitia waya wenye fyuzi. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, kosa liko njiani.

Relei nyingi za magari hufuata namba za DIN 72552, kiwango cha Kijerumani. Mguu wa 30 hupokea umeme mkuu kutoka betri kupitia fyuzi. 87 hupeleka umeme kwenye feni. 85 na 86 ni pande mbili za koili, sumaku inayoifunga relei. Mpango unaopatikana sana ni huu: 86 hupata umeme wa ufunguo, 85 huenda kwenye swichi, na swichi huenda ethi. Daraja likifungwa, relei igonge "tak". Isipogonga, pima kama 86 ina volti 12. Ikigonga na feni haiwaki, pima 30 kisha 87. Zote mbili zikiwa na umeme, relei imefanya kazi yake na kosa liko kati ya 87 na kurudi betri.

Na hapo ndipo tunafika kwenye ethi, ambayo ningeikagua kabla ya kitu kingine chochote kwenye gari la aina hii.

Gari la kawaida lina bodi ya chuma, na bodi hiyo yote ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Bodi ya faibaglasi haipitishi umeme kabisa. Fremu ya chuma ipo, lakini nyingi zimepakwa rangi ya unga iliyookwa, ambayo ni ngozi ngumu isiyopitisha umeme. Bolti ya ethi iliyofungwa juu ya rangi hiyo inaweza kushika kwa muda kupitia thredi zake, kisha kutu ikaingia na muunganiko ukafifia. Ndiyo maana gari lililofanya kazi vizuri tangu liundwe huanza kusumbua feni bila mtu kugusa kitu.

Ipime ikiwa na mzigo, kwa sababu omu pekee hazikuambii ukweli. Uzi mmoja wa waya uliobaki kwenye terminali iliyooza utasoma karibu omu sifuri, lakini hautabeba ampea 10. Feni ikiwa imeunganishwa na kuamrishwa iwake, weka ncha nyeusi ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyekundu kwenye waya hasi wa feni, kule kwenye feni. Hapo unasoma volti zinazopotea njiani kurudi.

- Chini ya volti 0.5: ethi inaridhisha.
- Volti 1 au 2: feni itazunguka kwa uvivu. Tengeneza.
- Karibu volti 12 na feni imesimama: umeme umefika, umepita ndani ya mota, na umekosa njia ya kurudi. Ethi imekatika.

Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo chanya ya betri hadi waya chanya wa feni.

Kutengeneza ethi hakuna njia ya mkato. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka terminali ya duara iliyobanwa vizuri, kaza bolti, kisha paka grisi juu ya kiungo kuzuia kutu. Ningependelea zaidi kupitisha waya hasi wa feni peke yake, unene uleule na wa chanya, hadi kwenye kituo kimoja cha ethi kilichounganishwa na betri kwa waya mnene. Hakikisha pia ule waya mnene kati ya injini, fremu na betri upo.

Umefaulu ikiwa: ukifunga daraja feni inavuma kwa nguvu, na volti zinazopotea kila upande hazizidi 0.5. Rudisha plagi kwenye swichi na ujaribu gari kabla ya kununua chochote. Wengi safari yao inaishia hapa.

Jambo moja la kutazama feni ikiwa inazunguka: shika kipande cha karatasi karibu na rejeta. Hewa inapaswa kutoka mbele ya gari kwenda nyuma. Nyaya za mota zikigeuzwa, feni husukuma hewa dhidi ya upepo wa njiani, na gari huchemsha huku feni ikisikika vizuri kabisa.

## Hatua ya 5: Feni imewaka kwa daraja, sasa ishitaki swichi

Chomeka plagi ya swichi na uondoe daraja. Acha injini ipate moto mpaka rejeta nzima iwe ya moto. Ukiwa na kipimajoto cha miale, bandika utepe mweusi usiong'aa kwenye shina inapokaa swichi na upime juu ya utepe. Alumini inayong'aa hukifanya kipimajoto hicho kisome chini ya hali halisi.

Joto likipita namba iliyoandikwa kwenye swichi na feni isiwake, zima injini, chomoa plagi mara moja na upime omu za swichi. Ikiwa imekata wakati shina ni la moto, ama swichi imekufa, ama imekaa kwenye mfuko wa hewa. Hewa na mvuke havipashi swichi joto kama maji. Toa hewa kwanza kwa kufuata Hatua ya 8, kisha rudia.

Bado haiungi? Ing'oe kwa kufuata Hatua ya 7 na uipime kwenye sufuria.

Ning'iniza swichi kwa waya, thredi zake zikiwa ndani ya maji na terminali zikiwa nje. Isiguse kitako cha sufuria, kwa maana kitako kina joto kuliko maji. Unganisha balbu ya wati 21, swichi na betri kwa mfuatano, zungusha maji taratibu, na pandisha joto polepole. Balbu ikiwaka, soma digrii. Zima moto, acha maji yapoe, na usome balbu inapozimika.

Swichi iliyoandikwa 92–87 inatakiwa iunge karibu na 92 na ikate karibu na 87. Tofauti ya digrii 2 au 3 isikusumbue. Mwanya kati ya namba hizo umewekwa makusudi, ili feni isiwe inawaka na kuzima kila sekunde.

Kuna mpaka wa jaribio hili: maji ya wazi hayapiti digrii 100 kwenye usawa wa bahari, na huchemka kwa takriban digrii 1 pungufu kila unapopanda mita 300. Swichi ya digrii 98 na zaidi inaweza isiunge kwenye sufuria ilhali ni nzima. Hiyo ipime ikiwa kwenye gari. Usichemshe kulanti ndani ya nyumba ili kupata joto zaidi. Mvuke wake una madhara.

Swichi isiyounga, au inayounga kwa kupepesa balbu, imekwisha. Isiyokata hata ikipoa, ncha zake zimegandana, na hilo hutokea sana pale swichi inapobeba umeme wote wa feni bila relei.

## Hatua ya 6: Chagua swichi sahihi

Linganisha vitu vinne: thredi, urefu wa sehemu inayoingia kwenye maji, idadi ya terminali, na digrii.

Thredi ya M22 x 1.5 imeenea sana, na M14 x 1.5 ipo pia. Zipime. Swichi ikigoma kuingia kwa vidole, si yake.

Digrii ndizo zinazowaangusha watu. Swichi ikiwa upande wa maji ya moto yanayotoka kwenye injini, digrii zake za kukata lazima ziwe juu ya digrii ambazo thamostati huanza kufunguka. Thamostati ya 82 hupatana na swichi ya 92–87. Ukiweka 92–87 juu ya thamostati ya 88, maji hayashuki mpaka 87 na feni haitazima kamwe. Hapo tafuta inayowaka karibu 95 hadi 97 na kukata ikiwa bado juu ya 88.

Swichi ikiwa upande wa maji yanayotoka kwenye rejeta, hapo yameshapoa, na swichi ya digrii za chini zaidi ndiyo inayofaa. Injini ya Rover K-Series inahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa thamostati yake iko upande wa maji yanayoingia kwenye injini. Tazama swichi yako imekaa wapi kwenye mzunguko huo kabla ya kunakili namba kutoka gari la mwenzako.

## Hatua ya 7: Badilisha

Injini iwe baridi. Ondoa waya hasi wa betri.

1. Punguza kulanti mpaka kiwango kishuke chini ya swichi, ukiikinga kwa beseni. Ikiwa safi na ya karibuni, inaweza kurudi.
2. Chomoa plagi kwa kushika plagi yenyewe. Terminali zikiwa na ukoko wa kijani, plagi nayo inahitaji kubadilishwa.
3. Shikilia shina la rejeta kwa spana ya pili, kisha legeza swichi. Shina la alumini limechomelewa kwenye tenki jembamba. Ukizungusha swichi peke yake iliyong'ang'ania, utapasua weldi, na kazi ndogo itageuka kuwa rejeta mpya.
4. Safisha mahali wosha inapokaa. Chembe ya uchafu inatosha kuvujisha. Hakikisha wosha ya zamani imetoka.
5. Weka wosha mpya. Ingiza swichi kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kushika spana.
6. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwa M22 kwenye alumini, Nm (nyutonimita) 20 hadi 25 zinatosha. Tenki la plastiki linataka nguvu ndogo kuliko hiyo. Bila spana ya kupimia, kaza mpaka wosha ishike, kisha ongeza robo mzunguko na uache.

Utepe wa thredi hauhitajiki kwa swichi inayozibwa na wosha, na kwa swichi ya waya mmoja unaweza kuikata ethi yake. Thredi zinazochongoka tu ndizo hutaka kizibio. Swichi ya kuchomeka kwenye raba ipate raba mpya na klipu yake. Presha ya mfumo itaitoa bila klipu.

Kama swichi ya zamani ilikuwa inabeba umeme wote wa feni, ongeza relei sasa hivi, la sivyo mpya itafuata njia ileile. Lisha mguu wa 30 moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, usiutoe kwenye waya wa ufunguo. Feni inayozungushwa na upepo huzalisha umeme, na ikiwa imeungwa na waya unaolisha mfumo wa cheche, injini inaweza kuendelea kunguruma kwa muda baada ya kuzima ufunguo.

## Hatua ya 8: Jaza na toa hewa

Usiifanye haraka. Kwenye gari la kujiundia, rejeta hukaa mahali ambapo aliyechora injini hakupafikiria, na mabomba hupanda na kushuka. Magari yenye injini nyuma na rejeta mbele yana mabomba marefu chini ya sakafu. Hayo ndiyo sugu zaidi.

Tafuta sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji. Ikiwa si kifuniko unachojazia, hewa itakaa huko. Inua mbele au nyuma ya gari kwa jeki, kisha weka stendi, mpaka kifuniko kiwe juu kuliko vyote. Fungua skrubu za kutolea hewa na koki ya hita.

Mimina polepole. Kamua mipira ya rejeta kwa mkono na usikilize mabubujiko. Skrubu ya hewa ikianza kutoa maji matupu bila mapovu, ifunge. Rudisha waya wa betri, washa injini, acha ingurume taratibu na uongeze maji kiwango kinaposhuka. Maji yakianza kupanda kwa joto, funga kifuniko.

Umefaulu ikiwa: hita inatoa hewa ya moto, mipira yote miwili ya rejeta inapata moto thamostati ikifunguka, na hakuna sauti ya maji yanayobubujika.

## Hatua ya 9: Thibitisha

Fanya hili nje, mahali penye hewa. Moshi wa injini unaua ndani ya chumba kilichofungwa. Acha gari lingurume limesimama na utazame geji. Feni iwake karibu na digrii za swichi, joto lishuke, feni izime, joto lipande tena. Ukiona mzunguko huo mara tatu mfululizo bila geji kupanda zaidi kila mara, swichi inafanya kazi.

Joto likipita digrii 10 juu ya namba ya swichi na feni haijawaka, zima injini. Usisubiri.

Feni ikiwaka na isizime, chomoa plagi ya swichi. Ikizima, swichi inaunga muda wote: ama imegandana, ama digrii zake ziko chini ya thamostati. Ikiendelea kuzunguka, relei imekwama au kuna shoti kwenye waya kati ya swichi na relei. Feni kuendelea dakika chache baada ya kuzima injini ni kawaida kwenye gari ambalo swichi na feni hupata umeme wa betri moja kwa moja.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, pitisha kidole chini ya swichi na utazame kiwango cha maji. Kikishuka kidogo bila unyevu popote, ni hewa ya mwisho iliyotoka, ongeza. Ukikuta unyevu kwenye thredi, shusha maji na ubadilishe wosha, usiongeze nguvu ya spana.